Kukokotoa mnara wa kukeneka viambato vingi: njia ipi kwa asidi za mawese, ipi kwa mise, ipi kwa pombe

Tunda moja la mchikichi wa Kigoma hutoa mafuta ya aina mbili, na kwa mtu anayetaka kukokotoa mnara wa kukeneka asidi za mafuta hayo, aina hizo mbili ni kesi tofauti kabisa. Nyama ya nje ya tunda hutoa mawese, ambayo asidi zake ni palmitiki kwa karibu asilimia 44, oleiki asilimia 39, linoleiki asilimia 10, steariki asilimia 4 au 5, na miristiki asilimia 1 hivi. Kokwa hutoa mise, ambayo karibu nusu yake ni asidi lauriki, ikifuatiwa na miristiki kwa asilimia 16 hivi na oleiki kwa asilimia 15, kisha palmitiki, pamoja na asilimia chache za kapriliki na kapriki ambazo ni nyepesi zaidi. Katika kanieneo ya milimita 10 za zebaki, asidi kuu za mawese huchemka kati ya nyuzi 206 na 225 za selsiasi. Zile za mise hutawanyika kuanzia nyuzi 124 za kapriliki hadi hizo hizo 225 za steariki. Tofauti hiyo, kuliko ukubwa wa mtambo au uwezo wa kompyuta, ndiyo inayopaswa kuamua njia ya hesabu.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya fundi, mwalimu wa kemia au kijana mhandisi ambaye, kati ya Mwandiga na Ujiji, ameulizwa na wakamuaji kama inawezekana kwenda mbele zaidi ya sabuni: kuyapasua mafuta kwa maji, kuitoa gliserini, kisha kuzitenga asidi zenyewe kwa ombwe. Njia ninazozilinganisha ni nne: njia ya mkato ya Fenske, Underwood na Gilliland, njia ya Wang na Henke ya mwaka 1966, njia ya Naphtali na Sandholm ya mwaka 1971, na njia ya ndani na nje ya Boston na Sullivan ya mwaka 1974. Zile za kale za kuhesabu sinia baada ya sinia (sinia ni sakafu za ndani ya mnara ambako mvuke unaopanda hukutana na kimiminika kinachoshuka), ya Lewis na Matheson ya 1932 na ya Thiele na Geddes ya 1933, zinafaa kusomwa ili kuelewa mnara unavyofanya kazi, lakini sishauri mtu azitumie leo. Ya kwanza humlazimu mhesabuji akisie kiasi cha kila kiambato katika mazao yote mawili kabla hajaanza, na kosa dogo katika kiambato kilicho haba hukuzwa kwa kila sinia anayovuka. Mchoro wa McCabe na Thiele wa 1925 nao ni wa viambato viwili tu, ingawa mtu akiamua kuwa mawese ni palmitiki upande mmoja na kila kitu kingine upande wa pili, utampa picha isiyo mbaya.

Njia ya mkato, na jinsi inavyofika mbali

Njia hii hukusanya milinganyo mitatu. Mlinganyo wa Fenske, wa 1932, hutoa idadi ndogo kabisa ya hatua za nadharia (hatua moja ni sinia kamilifu, ambayo mvuke na kimiminika huiacha vikiwa vimesawazika), yaani idadi ambayo ingetosha kama mvuke wote uliopozwa juu ungerudishwa mnarani. Mlinganyo wa Underwood, wa 1948, hutoa mrejesho mdogo kabisa: mrejesho ni kiasi cha kimiminika kinachorudishwa mnarani kwa kila sehemu moja inayotolewa juu kama zao, na huo mdogo kabisa ndio ambao ukipungua, utengano hautapatikana hata mnara uwe na urefu usio na mwisho. Mkunjo wa Gilliland, wa 1940, huunganisha ncha hizo mbili na kutoa idadi halisi ya hatua kwa mrejesho uliouchagua. Kinachohitajika ni uwiano wa uvukizi, yaani kiambato kimoja huelekea mvukeni mara ngapi zaidi ya kingine.

Tuchukue asidi za mawese. Tunataka asilimia 98 ya palmitiki itoke juu na asilimia 98 ya oleiki ibaki chini. Katika milimita 10 za zebaki oleiki huchemka kwa nyuzi 223, na kwenye joto hilo palmitiki ina kanieneo ya mvuke karibu mara mbili yake, kwa hiyo uwiano ni 2. Fenske anasema: logi asilia ya 49 mara 49 (49 ni 98 kwa 2, upande wa juu na upande wa chini), igawe kwa logi asilia ya 2, unapata hatua 11.2. Kwa Underwood, tukizihesabu asidi zote zenye kaboni 18 kama kiambato kimoja cha asilimia 54, palmitiki asilimia 45, miristiki asilimia 1 yenye uwiano wa 4, na malisho, yaani mchanganyiko unaoingizwa mnarani, yakiingia yakiwa kimiminika kilichofika mchemko, mrejesho mdogo kabisa ni 2.0 hivi. Tukirejesha mara 1.3 ya hapo, yaani 2.6, mkunjo wa Gilliland unadai hatua 22. Tukibana kuni na kurejesha mara 1.1 tu, hatua zinapanda hadi 29. Tukiwa wakarimu na kurejesha mara 1.5, zinashuka hadi 20.

Tarakimu hizo tatu, 29, 22 na 20, zinatosha kuongoza uamuzi wa kwanza wa fedha. Kutoka 1.1 kwenda 1.3 unaokoa hatua saba; kutoka 1.3 kwenda 1.5 unaokoa mbili tu huku ukichoma nishati zaidi kila siku ya maisha ya mtambo. Kwa mrejesho wa 2.6, kila kilo 1 ya malisho huhitaji kuchemshwa kwa karibu kilo 1.6 za mvuke mnarani, na hapo ndipo mtu anajua kama makapi ya chikichi yaliyobaki kwa wakamuaji yatatosha boila au la. Kazi yote hii hukamilika kwa kikokotoo cha mkononi na karatasi moja.

Njia ya mkato ina faida nyingine ambayo sioni ikisifiwa vya kutosha: hukuambia upesi jambo lisilofaa kujaribiwa. Steariki na oleiki, katika milimita 10 za zebaki, zinapishana kwa nyuzi 2 tu, na uwiano wao ni karibu 1.08. Weka tarakimu hiyo kwa Fenske, ukidai usafi ule ule, nawe utapata hatua zipatazo 100, tena zile za kiwango cha chini kabisa. Hakuna haja ya kompyuta kuthibitisha kuwa mnara huo haujengwi. Asidi hizo mbili hutenganishwa kwa kugandisha, kwa sababu steariki huyeyuka kwa nyuzi 69 hivi ilhali oleiki ni kimiminika katika joto la kawaida la Kigoma.

Kwa mise manufaa ni makubwa zaidi. Ukitaka mafungu manne, yaani asidi nyepesi za kaboni 8 na 10, lauriki, miristiki, na zile nzito za kaboni 16 na 18, unahitaji minara mitatu, na minara hiyo inaweza kupangwa kwa mifuatano mitano tofauti: kuanza na nyepesi na kushuka, kuanza na nzito na kupanda, au kukata katikati kwanza. Kuichambua mifuatano yote mitano kwa hesabu kamili ya kila sinia ni kujichosha bure. Njia ya mkato huipanga kwa mahitaji ya joto katika mchana mmoja, na miwili iliyo bora ndiyo hupelekwa kwenye kompyuta.

Udhaifu wake uko mahali pamoja: inachukulia kuwa uwiano wa uvukizi haubadiliki kutoka juu hadi chini. Kwa asidi za mawese dhana hiyo hudanganya kwa njia ambayo wengi hawaitazamii, kwa sababu kosa halitoki kwenye kemia bali kwenye kanieneo. Sinia za kawaida hula milimita 3 hadi 5 za zebaki kila moja. Hatua 22 za nadharia, kwa ufanisi wa asilimia 70, ni sinia 31 au 32 za kweli, nazo zikila milimita 3 tu kila moja, chini ya mnara kanieneo si 10 tena bali 100 na ushei. Hapo oleiki huchemka kwa nyuzi 286, joto ambalo huanza kuiharibu asidi yenyewe na kuipaka rangi, ilhali watu wa fani hii hujitahidi wasivuke nyuzi 250 au 260. Isitoshe, katika milimita 100 uwiano umeshuka hadi 1.5. Ukichukua wastani wa kijometri wa 2 na 1.5, yaani 1.73, Fenske anakupa hatua 14.2 badala ya 11.2. Dawa ni kuachana na sinia na kujaza mnara vijazio vya karatasi za chuma zilizokunjwa, ambavyo hula chini ya milimita 1 kwa kila hatua ya nadharia, na kisha kurudia hesabu kwa uwiano ulio karibu na 2. Nimelikalia jambo hili kwa sababu hakuna programu itakayomwokoa mtu aliyeandika kanieneo moja kwa mnara mzima. Itampa jibu safi lenye desimali nne, na jibu hilo litakuwa la mnara usiokuwepo.

Wang na Henke dhidi ya njia ya ndani na nje

Hesabu kamili huandika kwa kila hatua ulinganifu wa maada, msawazo wa mvuke na kimiminika, sharti la kwamba sehemu zote zijumlike kuwa 1, na ulinganifu wa joto. Kwa viambato vitano hiyo ni milinganyo 13 kwa hatua. Kwa hatua 22 na kipozeo cha juu, milinganyo 299. Njia zote tatu zilizobaki hutatua milinganyo hiyo hiyo. Zinachotofautiana ni mpangilio wa kuitatua, na mpangilio huo ndio unaoamua kama hesabu itatulia au itahangaika.

Wang na Henke huivunja kazi vipande. Unakisia joto na mtiririko wa mvuke kwa kila hatua. Unatatua ulinganifu wa maada wa kiambato kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na jedwali lenye mistari mitatu tu ya ulalo isiyo sifuri. Unasawazisha sehemu zijumlike kuwa 1. Unatafuta upya kiwango cha mchemko cha kila hatua. Unarekebisha mitiririko kwa ulinganifu wa joto. Kisha unarudia hadi joto likome kubadilika. Uzuri wake ni kwamba mtu mwenye subira huweza kuijenga katika Excel, akaona kila namba inatoka wapi. Kwa asidi za mawese, ambazo huchemka karibu karibu na ambazo hufuata vizuri kiasi kanuni ya Raoult (kila kiambato huchangia mvuke kulingana na sehemu yake katika kimiminika), hutulia bila matata. Kwa mwalimu anayetaka wanafunzi wake waone mnara ukijipanga mbele ya macho yao, sioni njia inayoishinda.

Ipeleke kwenye mise, na tabia hubadilika. Kiwango cha mchemko cha hatua iliyo karibu na malisho hutegemea sana kapriliki chache zilizopo hapo. Joto linaruka, mitiririko inafuata, na mzunguko unaofuata hurudisha kila kitu upande wa pili. Unaweza kuituliza kwa kuruhusu nusu tu ya badiliko katika kila mzunguko, lakini mizunguko huongezeka na uvumilivu hupungua. Kuna njia ya kujumlisha mitiririko, ya Burningham na Otto ya 1967, iliyobuniwa kwa michanganyiko iliyotawanyika mno, ila makao yake hasa ni minara ya kufyonza gesi, na mise haijafika huko.

Hapo ndipo ya ndani na nje inapostahili nafasi yake. Boston na Sullivan waliona kwamba muda mwingi wa kompyuta huishia kwenye kukokotoa tabia za viambato, si kwenye kutatua milinganyo. Kwa hiyo walitengeneza mizunguko miwili. Wa ndani hutumia kielelezo chepesi cha msawazo, ambacho logi yake hubadilika kwa mstari ulionyooka dhidi ya kinyume cha joto, na huitatua milinganyo yote kwa kielelezo hicho. Wa nje huita hesabu nzito ya kweli mara chache tu, ili kurekebisha vigezo vya kile chepesi. Kwa sababu vigezo hivyo havibadiliki sana hata joto likibadilika, njia hii hustahimili makisio mabovu ya mwanzo kuliko zote. Ndiyo iliyowekwa kama chaguo la kwanza katika moduli ya minara ya Aspen Plus, programu ya kibiashara ya kukokotoa mitambo ya kemikali, na inapatikana pia katika DWSIM, programu isiyolipiwa ambayo kompyuta ya kawaida ya mkononi huiendesha bila shida. Kasoro yake ni kwamba humficha mtumiaji kazi inayofanyika. Ikikwama, ni vigumu kujua kama kilichokwama ni mzunguko wa ndani, wa nje, au sharti ulilolidai.

Kwa hukumu yangu, basi: mawese, njia ya mkato kisha Wang na Henke, na unaweza kuishia hapo; mise, njia ya mkato kuchagua mfuatano wa minara, kisha ya ndani na nje kwa kila mnara.

Naphtali na Sandholm: pale viambato visipoelewana

Njia hii haivunji chochote. Hukusanya mitiririko ya kila kiambato katika mvuke na katika kimiminika pamoja na joto la kila hatua, kwa mnara wetu jumla ya visivyojulikana 253, na kuvisukuma vyote kwa pamoja kwa njia ya Newton, ambayo hukaribia jibu hatua kwa hatua kwa kufuata mteremko wa milinganyo. Ikiwa karibu na jibu hufika kwa kasi ya ajabu. Ikiwa mbali, huweza kutupa namba hasi na kuanguka. Kwa hiyo huhitaji makisio mazuri ya mwanzo, na makisio hayo hutoka kwa njia ya mkato au kwa mizunguko michache ya Wang na Henke. Kuitumia kwa asidi za mawese ni kuchinja kuku kwa panga: itafanya kazi, lakini hapakuwa na haja.

Haja hutokea kwenye pombe. Etanoli na maji hufikia azeotropu, yaani mchanganyiko ambao mvuke wake una muundo ule ule wa kimiminika, kwenye asilimia 95.6 ya etanoli kwa uzito, nyuzi 78.2, na hapo uwiano wa uvukizi ambao kwenye mchanganyiko mwembamba ulizidi 10 umeshuka hadi 1 kamili. Fenske hana la kusema kuhusu kiambato ambacho uwiano wake hubadilika hivyo. Wang na Henke nao hupata taabu, kwa sababu katika kila mzunguko wao huchukulia kuwa msawazo unategemea joto kwanza na muundo wa mchanganyiko baadaye, kumbe hapa muundo ndio wenye sauti.

Viambato vidogo ndivyo vinavyoonyesha tofauti kwa uwazi zaidi. Methanoli safi huchemka kwa nyuzi 64.7, chini ya etanoli, na kwa hiyo wengi wanaokeneka pombe wanaamini kwamba ukimwaga matone ya mwanzo umeitoa yote. Lakini ndani ya maji mengi molekuli ya etanoli husukumwa nje kwa nguvu zaidi kuliko ya methanoli, na uvukizi wa methanoli hapo huwa mdogo kuliko wa etanoli. Sehemu yake kubwa huendelea kutoka pamoja na pombe yenyewe. Alkoholi ya isoamili hufanya kinyume: ikiwa peke yake huchemka kwa nyuzi 131, lakini kwenye maji mengi huwa nyepesi kuliko etanoli, na juu ya mnara penye pombe nyingi huwa nzito tena. Matokeo yake ni kwamba hujikusanya katikati ya mnara, ambako viwanda huweka bomba la pembeni la kuitolea. Hesabu yenye uwiano usiobadilika haitaliona fungu hilo hata siku moja. Naphtali na Sandholm, wakipewa kielelezo cha jinsi viambato vinavyoathiriana ndani ya kimiminika, kama NRTL cha 1968 au UNIQUAC cha 1975, chenye vigezo vilivyopimwa maabara, wataonyesha limejikusanya kwenye sinia zipi. Ya ndani na nje huweza pia, mradi toleo lake liruhusu kielelezo chepesi kifuate muundo wa mchanganyiko na si joto pekee.

Kabla ya kuamini jibu lolote

Kosa la asilimia 10 kwenye uwiano wa uvukizi lina uzito kuliko kosa la kuchagua njia. Kwa palmitiki na oleiki, uwiano ukiwa 1.8 badala ya 2, Fenske hupanda kutoka 11.2 hadi 13.2, ukiwa 2.2 hushuka hadi 9.9. Upana huo ni mkubwa kuliko tofauti utakayoiona kati ya Wang na Henke na ya ndani na nje juu ya mchanganyiko huo huo. Kwa hiyo saa ya kwanza ya kazi iende kwenye majedwali ya kanieneo za mvuke, kuhakikisha kwamba vigezo vinafaa kwa ombwe na havikuvutwa kutoka kwenye vipimo vya kanieneo ya hewa, na kwenye muundo halisi wa mafuta ya wakamuaji husika, kwa kuwa mawese yaliyokaa muda mrefu kwenye madumu hayana asidi huru sawa na yaliyokamuliwa jana.

Jibu likishapatikana, jumlisha kiasi cha kila kiambato juu na chini na ulinganishe na kilichoingia, kimoja kimoja, si jumla pekee, kwa sababu jumla huweza kukubaliana ilhali miristiki imepotea yote. Kisha chora joto dhidi ya namba ya hatua. Kwa asidi za mawese linapaswa kupanda kutoka juu hadi chini, likipiga hatua kubwa zaidi pale palmitiki inapoiachia nafasi oleiki. Mstari ukiwa bapa kwa hatua nyingi mfululizo karibu na malisho, aidha malisho yameingizwa mahali pasipofaa au mrejesho uko karibu mno na ule mdogo kabisa, na kabla ya kuongeza hatua hata moja, sogeza malisho juu au chini kwa hatua mbili mbili na uendeshe hesabu tena.